Sindano Siyo Panga la Mgomba

Kabla sindano haijaingia, mwambieni mwanamke rangi. Msingoje aione mwenyewe. Mwambieni hivi: "Mama, maji yatakayotoka kwenye titi yanaweza kuwa ya njano, au ya kijani, au ya kahawia kama chai ya rangi iliyolala. Yote hayo ni kawaida. Ikitoka damu, daktari atakwambia, na itapelekwa kupimwa." Maneno hayo hayamcheleweshi mtu. Mimi nilijifunza kuyasema kwa sababu ya Ma Verdiana wa Kagoma, ambaye aliona maji ya titi lake yakipanda ndani ya bomba la sindano, akashuka kitandani bila blauzi na kusema anataka titi lote liondolewe siku ile ile.

"Likatwe lote," alisema, "na mzizi wake."

Nawaandikia ninyi wasichana, na wavulana wachache, mnaoanza kazi ya uhudumu hospitalini. Kazi hiyo nimeifanya hapa Muleba mpaka nilipostaafu, na sehemu kubwa nilikuwa chumba cha matibabu madogo, pale wanapopasua majipu, wanaposhona waliojikata na wanapochunguza uvimbe wa matiti. Shule yangu iliishia darasa la saba. Ninayoyajua kuhusu matiti nilifundishwa na madaktari na wauguzi, hasa muuguzi mmoja mkali aliyeitwa Leokadia. Pale nisipojua nitasema sijui.

Nawaandikia pia kwa ajili ya mdogo wangu Adela, aliyefariki kwa kansa ya titi, na binti yake Koku. Mwaka jana Koku alikuta uvimbe kwenye titi lake akakataa kupimwa, nikamfuata mpaka kwao Rubafu. Hayo nitayafikia. Kwanza nimvalishe Ma Verdiana blauzi yake.

Ninyi mliozaliwa kwenye kibanja, shamba la migomba linaloizunguka nyumba, mmeshaelewa alichokiona. Kwa aliyetoka mbali nieleze. Mnyauko ulipoingia kwenye migomba yetu, dalili yake kubwa ilikuwa hiyo: unakata mgomba, unangoja kidogo, na pale ulipokata panatoka uteute wa njano kama usaha. Ukiuona huo, mgomba umekwisha. Mabwana shamba walituambia tung'oe shina zima, mama na watoto wake wote, tufukie. Ndizi ndiyo chakula chetu, na kibanja ndipo tunapozika watu wetu. Kuna familia ziling'oa nusu ya kibanja huku watu wazima wanalia. Ma Verdiana alikuwa mmoja wao. Sasa mtu kama huyo amelala kitandani, anaona maji ya njano yanatoka mwilini mwake. Ulitaka awaze nini?

Daktari wetu wakati huo alikuwa mtu wa Singida. Kwao ni alizeti. Alisimama na bomba lake mkononi akaniuliza, "Anasemaje?"

"Anasema umng'oe shina."

"Shina gani?"

Leokadia alikuwa anakunja shuka pembeni. Hakuja mbio, hakuwahi kwenda mbio popote. Alimwendea Ma Verdiana na kusema naye kwa Kihaya, nami nikawa namfasiria daktari.

"Verdiana, wewe ni mgomba?"

"Mimi ni mtu, lakini nimeona usaha."

"Umeona maji. Usaha unanuka. Hebu nusa."

"Sinusi!"

"Basi jishike titi. Ule uvimbe uliokuja nao uko wapi?"

Ma Verdiana alijishika. Akatafuta juu, akatafuta chini, akahamia titi la pili kana kwamba uvimbe umejificha huko. Kisha akamtazama Leokadia. "Haupo."

"Umo ndani ya lile bomba. Ulikuwa mfuko wa maji, maji yametoka, mfuko umelala. Sasa unataka tukate nini?"

Ma Verdiana alifikiri. "Nipeni blauzi yangu," alisema. "Na yule daktari aache kunitazama kama ameona senene mwenye pembe."

Tangu siku hiyo Leokadia aliweka amri: rangi kwanza, sindano baadaye. Na mimi ndiye niliyekuwa nasema rangi, kwa sababu nilikaa upande wa kichwa. Hilo nalo lishikeni. Anayemhudumia mgonjwa akae upande wa kichwa, si miguuni. Mwanamke anayechunguzwa titi anatafuta uso wa kutazama, na akikosa wenu atatazama sindano. Jeli ya ultrasaundi ni ya baridi. Iwekeni chupa ndani ya bakuli la maji ya uvuguvugu kabla hajalala, muipime kwanza kwenye mkono wenu. Mpeni kanga afunike titi ambalo halichunguzwi. Na mlango, jamani, mlango! Mhudumu anayepitisha kichwa kuuliza nani amechukua ufunguo wa stoo, mfukuzeni hata kama ni mkubwa wenu.

Swali lililoulizwa kuliko yote katika chumba kile lilikuwa moja tu. Waliuliza walimu na wakulima, wake wa wachungaji na wauza dagaa, wengine kwa sauti na wengine wakisubiri daktari atoke ndipo waniulize mimi: "Hiki kifuko cha maji kitageuka kansa?"

Leokadia alinifundisha jibu kama anavyofundishwa mtoto sala. Titi lina tezi na mirija. Kwa wanawake wengi, hasa walio kati ya miaka thelathini na kitu na umri wa kukoma hedhi, maji hujikusanya mahali fulani yakafanya kifuko. Huweza kuwa kimoja au vingi. Huvimba na kuuma siku zinapokaribia, zikipita hupungua. Kifuko cha kawaida chenye maji matupu hakigeuki kansa, na mwenye nacho hahesabiwi kuwa karibu na kansa kuliko jirani yake asiye nacho. Wengi hawahitaji hata sindano. Sindano ni ya kile kinachouma au kinachosumbua, au kile ambacho daktari hana uhakika nacho.

Halafu alinifundisha nusu ya pili, na alinitazama sana alipoisema, kwa sababu watu huisahau. Si kila kifuko ni cha maji matupu. Kuna chenye ukuta mnene au kitu kigumu ndani, na hicho lazima kichukuliwe kinyama kikapimwe. Kuna uvimbe mwingine usio kansa ambao, ukipimwa, chembe zake zinaonekana kuota bila mpangilio, na mwenye huo huongezewa hatari na hufuatiliwa. Na huwezi kujua kipi ni kipi kwa vidole. Leokadia alikuwa ameshika matiti kuliko mtu yeyote ninayemjua, na bado mwanamke akimwomba, "Nishike tu uniambie," alimjibu, "Vidole vyangu si mashine. Panga foleni."

Mara moja tu nilimwona amekasirika kweli. Tulikuwa na mhudumu mwenzetu mwenye moyo laini, asiyeweza kuona mtu anaogopa. Mwanamke akitoka ultrasaundi na jibu la maji, yule mwenzetu alimpokea mlangoni na kumwambia, "Hamna kitu, mama, nenda nyumbani." Leokadia alimvuta mpaka kwenye sinki.

"Hamna kitu?"

"Si ni maji tu, Ma Leokadia?"

"Basi kuna kitu. Kuna maji. Mwambie kuna maji, mahali hapa, leo. Ukimwambia hamna kitu, mwaka kesho akiota kingine atasema nilishaambiwa hamna kitu."

Niliyasikia maneno hayo nikiwa nafua glavu, maana enzi hizo tulikuwa bado tunafua glavu, na niliona anamwonea mwenzetu. Sikujua kwamba alikuwa anasema habari za nyumbani kwetu.

Adela alikuja kwetu hospitalini kutoka Rubafu wakati Koku bado anasoma shule ya msingi. Alikuwa na uvimbe titi la kushoto, wa mviringo, unaoteleza chini ya kidole. Nilikaa upande wa kichwa. Nilimwambia rangi. Alicheka akasema, "Dada, ikitoka ya bluu unipe niweke kwenye nguo nyeupe." Ilitoka ya njano. Uvimbe ukalala. Daktari akamwambia arudi baada ya wiki kadhaa, akarudi, hapakuwa na kitu kilichobaki. Akabeba kikapu chake akaenda kupanda gari. Kila kitu kilifanyika kama inavyotakiwa. Nasema hivyo kwa sababu ni kweli, na kwa sababu baadaye watu walisema vinginevyo.

Miaka mingi ilipita. Adela alikuwa ameshakoma hedhi alipokuta kitu titi la kulia, karibu na kwapa. Hakikuuma. Hakikuteleza. Hakumwambia mtu. Alipokuja kuniambia alisema alijua ni nini: yale maji yamehamia upande wa pili. Aliyakanda kwa kitambaa cha moto, akangoja msimu wa kahawa uishe. Aliponifungulia blauzi nione, ngozi ilikuwa imevutwa ndani kama pale penye kifungo cha godoro. Tulikwenda Mwanza. Tulikwenda tena. Madaktari walijitahidi, naye alijitahidi kuliko wote.

Sina mengi ya kuandika kuhusu kifo chake. Nilimwosha mwenyewe, na maji niliyapima kwanza kwenye mkono wangu.

Msibani, watu wamekaa kwenye nyasi, mume wake alisema jambo ambalo lilibaki ndani ya ile nyumba. Mume wake ni Ta Rwegoshora, mkulima ambaye kibanja chake watu huja kukitazama. Alisema, "Ile sindano ya Muleba ndiyo iliyoanza." Hakuna aliyebisha. Pale si mahali pa kubisha, na mimi nilikuwa nimechoka. Koku alikuwa amekaa karibu na baba yake, akasikia.

Sasa mwaka jana. Koku ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, fundi cherehani, aliyerudi kuishi kwa baba yake baada ya ndoa kumshinda. Hanipigii ovyo. Siku hiyo alipiga, tukasalimiana, tukaongea mvua, kisha akauliza, "Mama Mkubwa, maji ya mama yalianzaje? Yalikuwa yanauma?"

"Kwa nini unauliza?"

"Nauliza tu." Akakata.

Nilimpigia nikampata baada ya kumsumbua. Alikuwa na uvimbe titi la kushoto, upande ule ule mama yake aliotolewa maji. Alikuwa nao kwa muda. Hataki kwenda popote. "Wakinichoma sindano wataamsha kitu," alisema. "Acha kilale."

Kesho yake nilipanda gari mpaka Bukoba mjini, nikaunganisha kwenda Rubafu. Njiani nilipanga maneno. Nilikuwa nimeamua kwamba sitaondoka pale bila yeye, hata kama itanibidi nikae mpaka magimbi yaniotee miguuni.

Ta Rwegoshora nilimkuta kibanjani. Alikuwa amewasha moto mdogo wa majani makavu ya migomba, na panga lake limelala ndani ya moto. Ndivyo anavyofanya mpaka leo. Anapunguza majani ya shina moja, analipitisha panga kwenye moto, ndipo anahamia shina jingine. Hata lile ua la mwisho wa mkungu halikati kwa panga. Analivunja kwa mti wenye panda, kama tulivyofundishwa, maana panga hubeba mnyauko kutoka shina hadi shina. Wengi wamechoka kufanya hivyo. Yeye hajachoka, na kibanja chake kipo.

"Wasibota waitu, shemeji," nilimsalimia kwa Kihaya.

"Edina. Umekuja kumchukua."

"Nimekuja kumwomba."

Alinipa kahawa ya kutafuna kutoka mfukoni, tukasimama tunatafuna. Kisha akaanza mwenyewe. "Unamkumbuka jirani yangu wa bondeni? Mnyauko ulipoanza alikuja kunisaidia kupunguza majani. Alikuja na panga lake. Alikuja kwa wema. Mwezi haukuisha, shina baada ya shina. Hakujua. Nilimsamehe. Na ninyi pale Muleba mlikuwa na wema, Edina. Sisemi mlikuwa wabaya. Lakini sindano iliingia, ikafungua njia."

Nilitaka kujibu haraka. Nikamkumbuka Leokadia na shuka zake. Nikamaliza kahawa yangu kwanza.

"Shemeji, Adela alitolewa maji titi lipi?"

"La kushoto."

"Na lililomuua?"

Aligeuza panga ndani ya moto. "La kulia," alisema. "Lakini mnyauko unahama."

"Unahama kwa panga. Sindano ile ilitoka kwenye karatasi yake, ikaingia mara moja, ikatupwa kwenye boksi. Haikwenda kulia. Haikwenda kwa mtu mwingine. Na nikwambie kweli, hata kama ingekuwa titi lile lile, bado nisingekubaliana na wewe. Mnyauko ni kijidudu, ndiyo maana unakichoma. Kansa ya titi si kijidudu kinachopanda chuma. Ni nyama ya mtu mwenyewe imeanza kuota vibaya."

"Nani amekwambia?"

"Madaktari. Na Leokadia."

"Basi wakwambie na hili. Kwa nini ilimpata Adela?"

"Hilo sijui."

"Hujui?"

"Sijui. Niliuliza, nao hawakujua kwa nini yeye."

Alilitoa panga motoni akaliegemeza kwenye jiwe lipoe. "Afadhali," alisema. "Kila aliyekuja hapa msibani alikuwa anajua."

Koku alikuwa jikoni anamenya ndizi. Nikachukua kisu nikakaa naye. Wengine mtasema ningemkalisha sebuleni tukazungumza kwa heshima. Hapana. Mtu akiwa na ndizi mkononi ana pa kuweka macho, na maneno magumu yanapita vizuri zaidi.

"Mama Mkubwa, usinidanganye kama mgonjwa."

"Sikudanganyi."

"Yale maji yanageuka kansa?"

"Hayageuki."

"Mama alikuwa nayo."

"Mama yako alikuwa na maji. Yakatoka, yakaisha. Miaka mingi baadaye akapata kansa titi jingine. Katikati hapo aliugua malaria, alivunjika kidole, na alimzaa mdogo wako. Mbona hujasema kansa imetoka kwenye kidole?"

Alicheka bila kutaka, akafuta pua kwa mkono wenye utomvu. "Sasa hiki changu ni maji?"

"Sijui."

"Kishike."

"Nikikishika sitajua. Vidole vyangu si mashine."

"Kwa hiyo umetoka Muleba kuja kuniambia hujui?"

"Nimetoka Muleba kukupeleka mahali watakapojua." Nikaona nimwambie na lile lililobaki, maana angelisikia kwa mwingine akasema nilimficha. "Na kuna jingine. Kifuko cha maji hakikusogezi kwenye kansa. Lakini mama yako mzazi kuipata, hilo linakuongezea kiasi. Sijui kiasi gani, daktari atakueleza. Ndiyo maana wewe huna ruhusa ya kukaa na uvimbe ukiufunika kanga."

"Unanitisha."

"Nakwambia. Ningekuwa nakutisha ningekwambia usiku nikaenda kulala."

Akamenya ndizi mbili. "Mama angekwenda mapema, angepona?"

Hilo ndilo swali nililokuwa naliogopa tangu kwenye gari. "Huenda," nilisema. "Sina hakika. Angekuwa na nafasi kubwa zaidi. Hilo nina hakika nalo."

Kivuli kilizuia mwanga mlangoni. Ta Rwegoshora alikuwa amesimama na panga lililopoa. Sijui alikuwa amesikia mangapi. "Nenda na mama yako mkubwa," alimwambia Koku. "Mimi si daktari. Lakini na mimi nakuja. Nataka niione hiyo sindano kwa macho yangu."

Aliiona. Vijana, hapa ndipo nataka mjifunze kwa yule muuguzi binti aliyekuwa zamu siku tuliyofika pale hospitalini nilipostaafia. Mzee alisimama mlangoni na kofia yake mkononi akasema hatoki mpaka aone. Mwingine angemwambia, "Mzee, subiri nje, hapa si sokoni." Yule binti alimletea pakiti ya sindano ikiwa imefungwa.

"Shika, mzee. Imeguswa?"

Aliigeuza, akaipeleka kwenye dirisha. "Haijaguswa."

"Naifungua mbele yako. Nikimaliza inaingia kwenye hili boksi la njano. Haitoki humo kwenda kwa mtu."

"Boksi nalo?"

"Linachomwa kwenye tanuru, pale nyuma ya jengo."

"Linachomwa moto?"

"Mpaka linakuwa majivu, mzee."

Ta Rwegoshora alivaa kofia yake. "Hapo sawa," alisema. "Mngesema tangu zamani." Akatoka kwenda kulitafuta tanuru.

Ukweli ni kwamba moto ule haukuwa na uhusiano wowote na kansa. Boksi linachomwa kwa ajili ya magonjwa mengine yanayopita kwenye damu. Nilimweleza hivyo baadaye, tukinywa chai, kwa sababu sikutaka aondoke na kosa jipya mahali pa lile la zamani. Akasema amenielewa, lakini moto anaupenda hata hivyo.

Ultrasaundi ilionyesha vifuko viwili. Weusi mtupu ndani, kuta nyembamba, hakuna kitu kigumu. Maji. Kile kikubwa kilikuwa kinamuuma, daktari akakitoa maji. Nilikaa upande wa kichwa, kwa ruhusa ya wenyewe. Yule binti alimwambia rangi kabla sijafungua mdomo, nami nikaufunga. Ilitoka ya njano. Koku aliitazama ikipanda kwenye bomba, akafumba macho, akafumbua. "Kumbe ndiyo hii tu," alisema.

Kwenye korido nilimsimamisha kabla hajamfikia baba yake. Nilimshika mabega kama mtoto.

"Umeambiwa nini?"

"Hamna kitu."

"Koku!"

"Ni maji," alisema. "Kuna vifuko viwili vya maji. Kimoja kimetolewa. Nirudi waangalie."

"Na ukikuta kingine?"

"Si hiki. Jibu hili ni la hivi viwili tu."

"Hata kikiwa kinafanana?"

"Hata kikiwa kinafanana. Mama Mkubwa, niachie, watu wanatutazama."

Nilimwachia. Alirudi kuangaliwa kama alivyoambiwa, na pale pamekaa vizuri mpaka leo. Wengi wangeishia hapo na kuliita hilo mwisho mwema. Mimi sikulihesabu hivyo. Mama yake naye alirudi kuangaliwa, na pake pia palikaa vizuri. Kilichomuua kilikuja baadaye, kikamkuta na jibu la zamani mkononi. Kwa hiyo mwaka mzima nimekuwa nangoja kitu ambacho huwezi kumwombea mtu: siku Koku atakapokuta kingine, bila mimi kando yake, nijue atafanya nini.

Leo asubuhi nilikuwa namenya ndizi. Simu ikaita.

"Shikamoo, Mama Mkubwa."

"Marahaba. Habari za Rubafu?"

"Siko Rubafu. Nimekuta kingine jana wakati naoga. Upande wa kulia."

Niliweka kisu chini. "Kinauma?"

"Hakiumi. Na usiniulize kinateleza au hakitelezi, vidole vyangu si mashine." Nilisikia watu wanapita, mlango, mtoto analia. "Niko mjini, hospitali. Nimeshachukua namba. Niko kwenye benchi."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana. Lakini nimekaa."

"Nani yuko na wewe?"

"Baba. Amesimama kwa mlinzi, anamuuliza tanuru liko wapi."

Tukacheka wote wawili, kisha hatukucheka. Nikamwambia nakuja. Akasema nisije mbio, foleni ni ndefu na hatoki.

Nimeandika haya huku nangoja gari lijaze abiria. Sijui kilicho kwenye titi lake. Kinaweza kuwa maji, kinaweza kuwa kitu kingine, na kikiwa kitu kingine tutaanza kazi hiyo leo, si baada ya msimu wa kahawa. Kama mmoja wenu yuko zamu kule mjini, atamwona: mwanamke mrefu aliyevaa gauni la kitenge alilolishona mwenyewe, na mzee mwenye kofia mkononi. Akiitwa namba yake, kaeni upande wa kichwa, mumwambie rangi. Anaijua. Mwambieni hata hivyo.